Msalaba wa Beya

Jumatatu asubuhi, kabla jiko halijashika moto, wanawake wa ukoo wa Beya waliingia uani kwa Tshiela wakilia. Walikuja kwa mstari kutoka mtaa wa reli, vitenge vimekazwa kiunoni, na wa kwanza alipofika karibu na karai la vyombo alijitupa chini kama desturi inavyotaka. Wengine wakamfuata. Tshiela alikuwa ameshika ufagio, na hakuuweka chini.

"Munalia nani?" aliwauliza.

Kilio kikakatika. Ni vigumu kuendelea kugaragara mbele ya mtu anayekuuliza swali la namna hiyo, tena mtu ambaye ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuanguka.

"Tunalia Beya," alisema mmoja, mavumbi yamemjaa shavuni. "Tunalia bwana yako."

"Bwana yangu iko Obokote. Kama munataka kulia, mufike kule, mulie na muke wake wa kule."

Juu ya ua wa mianzi vichwa vya majirani vilikuwa vimeshapangana. Nyuma ya wanawake akaingia Tshimpaka, mdogo wake Beya, karani wa reli aliyestaafu lakini bado akivaa koti la kazi. Macho yake yalikuwa mekundu. Tusimwonee mtu huyu: alikuwa amelia kweli.

"Shemeki," alisema polepole, "jana kule kwa Papa Ayoubu walipiga reli. Niliisikia na masikio yangu. Nikaenda kuangalia. Musalaba iko juu ya kichwa ya yaya yangu Beya, mukubwa wangu. Na mwenye aliandika ile musalaba ni Douce, mutoto wako."

Tshiela aligeuka. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kichwa mkononi, na hakukana.

Kampi Saba, ambako yote haya yalianzia, haipo tena. Zamani ilikuwa kijiji cha wachimba bati upande wa Kalima, chenye nyumba za matofali, duka, timu ya mpira na fahari nyingi. Kampuni iliondoka, vita vikaja, na msitu ukamalizia kazi. Watu wake waliofika hapa mjini Kindu wakiwa hai waliunda chama cha kumbukumbu. Kila Jumapili alasiri walikutana barazani kwa Papa Ayoubu, aliyekuwa mtunza stoo wa kampi, Waislamu na Wakristo pamoja, wakileta kilichobaki: taa ya shimoni, kofia ya chuma, wimbo wa zamu ya asubuhi, picha zilizoliwa na unyevu. Walitaka siku moja wafungue chumba ambamo wajukuu wataona kwamba babu zao hawakuota porini kama uyoga.

Picha zilikuwa na sheria yake. Kwetu mtu akifa, huchorwa msalaba mdogo juu ya kichwa chake pichani, ili anayetazama ajue amsalimu au amwombee. Chama hakikuchora msalaba mpaka mtu asimame na kusema: nilimwona amekufa, nilimzika. Akishasema, walipiga mara moja kipande cha reli kilichoning'inia barazani. Kampini reli hiyo iliita zamu, lakini ikilia mara moja tu, wanawake waliacha mitwangio hewani.

Douce ndiye aliyekuwa katibu. Alijiunga kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na picha ya baba. Barazani ilikuwepo moja: kikosi cha wachimbaji, na wa pili kutoka kushoto kijana mrefu anayecheka, mdomo wazi, kana kwamba mpiga picha amemtania. Kila Jumapili Douce alifika mapema ili amtazame kabla wengine hawajaja. Na Jumapili hiyo mzee Masudi, rafiki wa Beya tangu shimoni, alisimama akasema alimzika kwa mikono yake mwaka ule Kindu ilipozingirwa. Douce alichukua kalamu akachora msalaba, huku akilia, na akajisikia amemtendea baba yake jambo jema.

"Mimi siko na neno na mutoto," Tshimpaka alisema. "Mutoto ameandika kweli. Lakini weye, shemeki. Mutu amekufa, hapana matanga, hapana kilio. Yaya yangu iko anatangatanga nje kama mbuzi, na weye unafagia."

"Hajakufa."

"Basi Jumapili utasema vile mbele ya watu wa Kampi. Kama iko muzima, mi mwenyewe njo wa kwanza kucheza. Kama amekufa, tunaketi matanga hapa, na kisha matanga tunaongea juu ya parseli ya ndugu yetu."

Neno parseli, yaani kiwanja na nyumba yake, lilitua uani hapo, na kila mtu alilisikia. Tshimpaka aliomba maji. Akaingia ndani kuyanywa, na kutoka ndani zilisikika hatua zake zikipita chumba kimoja, zikapita cha pili, zikasimama, zikarudi. Nyumba yake ya reli ilikuwa inatakiwa na karani mpya, na watoto wake walikuwa wengi. Alipotoka alimwambia Tshiela kwa upole kwamba bati la upande wa nyuma linavuja, inafaa litazamwe kabla ya mvua.

*

Walipokwisha kuondoka, Tshiela alitwaa kinu akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Douce alikaa mbele yake akichambua majani.

"Mama, kwa nini haukulia?"

"Kwa nini haukuniuliza mbele ya kuandika?"

"Nilitaka nikuambie taratibu. Sikujua papa mudogo atasikia." Aliokota jani lingine. "Papa Masudi hawezi kusema bongo, mama. Hajui uongo."

"Hasemi bongo."

Mchi uliendelea. Douce aliacha majani.

"Ulijua?"

"Nilijua toka siku ile ile. Papa Masudi alikuja na shati ya baba yako." Tshiela hakumtazama binti yake. "Muji ilikuwa imefungwa. Treni hapana, mashamba hapana, huku waasi, kule wapiganaji wa Mayi-Mayi, sisi katikati kama panya. Tulikula majani bila chumvi mpaka majani ikaisha. Baba yako akasema atavuka mto kutafuta muhogo, mutoto hatakufa na njaa mbele ya macho yake. Hakurudi."

"Mutoto njo mi?"

"Njo weye."

Jirani yao Mwavita alipita na beseni lake la mikate ya kukaanga, akawasalimu, akangoja habari. Hakupewa, akaenda zake.

"Na ule muke wa Obokote?" Douce aliuliza.

"Nilimutunga." Uso wa Tshiela ulitaka kucheka ukashindwa. "Ni muke muzuri. Miaka yote hajanisumbua hata siku moja."

Alimtunga kwa sababu ya Mama Ngalula, aliyekaa nyumba ya tatu. Mume wa Ngalula alifariki mwanzoni mwa vita, na kabla matanga hayajaisha shemeji zake walipanda juu wakang'oa mabati, yeye akiwa bado amekaa chini na nguo ya kilio. Tshiela aliliona jambo hilo kwa macho yake. Hivyo Masudi alipofika na shati lile, alimshika mkono akamwambia: usimwambie mtu. Mwanamke mwenye mume, hata mume mpotevu, ana nyumba. Akaanza kusema Beya amekwenda kutafuta maisha Obokote, kisha kwamba amepata mwanamke huko. Sokoni wanawake walimcheka. Kanisani walimhurumia, jambo ambalo ni baya zaidi. Baadaye mfanyabiashara mmoja wa baiskeli aliapa amemwona Beya Lubutu akinunua chumvi, na watu wakasema lisemwalo lipo. Hata Tshiela, Mungu amsamehe, usiku mmoja alikaribia kuamini.

"Sheria iko, mama. Siku hizi mujane hawezi kufukuzwa tu vile. Tunaweza kupata avoka wa kututetea."

"Sheria iko Kinshasa. Tshimpaka iko hapa, amesha kupima chumba."

"Kwa hiyo tutafanya nini?"

"Jumapili nitasema iko muzima."

Douce alitazama meza ndogo iliyo pembeni ya mlango. Juu yake ilikuwa sahani ya bati yenye kifuniko. Kila jioni tangu akumbuke, mama yake alimpakulia baba na kufunika, majirani wakiona, na kila asubuhi Douce alikula bugali lile la baridi kabla ya kwenda shule. Alikua akiamini hiyo ndiyo subira ya mke.

"Nilikuwa nakula chakula ya mufu," alisema.

"Ulikuwa unakula chakula yako," mama yake akajibu. "Njo ile alivuka kutafuta."

*

Ijumaa Tshiela alikwenda kwa Masudi. Mzee alikuwa ametoka msikitini, ameketi juu ya kigoda akishona kiatu cha mtu. Tshiela aliweka bakuli la mikate karibu na miguu yake na kukaa mbali kidogo, kama mwombaji.

"Mama Douce, najua jambo iliyokuleta," Masudi alisema. "Nilikaa kimya kwa sababu uliniomba. Lakini mutoto alikuja kila Jumapili kuangalia ile foto. Kila Jumapili. Ananiuliza: baba alikuwa anacheka namna gani, alikuwa anaimba nini. Ningefanya nini? Na mi nimezeeka. Mungu ataniuliza ile maiti niliiweka wapi."

"Mungu atakuuliza weye. Miye, Tshimpaka njo ataniuliza."

"Unataka niseme bongo mbele ya watu wa Kampi."

Tshiela aliinamisha kichwa. Watu wa Kampi ndio waliobaki kwa Masudi: mke na wanawe aliwapoteza njiani vita vilipoanza, na heshima yake yote mjini Kindu ilikuwa kwamba akisema kitu kilitokea, kilitokea.

Mzee alisukuma bakuli kwa kidole mpaka likamfikia Tshiela.

"Rudia na mikate yako, mama. Watoto wako nyumbani."

Hapakuwa na watoto nyumbani. Tshiela alilichukua bakuli akarudi nalo mchana kweupe, mikate ikionekana, na kila aliyekutana naye alijua kuna mahali amekataliwa.

*

Jumapili baraza la Papa Ayoubu lilijaa hata watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Kampi Saba. Picha zilikuwa zimebandikwa juu ya shuka jeupe. Tshimpaka alikuja na koti limepigwa pasi. Tshiela alipewa kiti katikati, mahali ambapo mtu hawezi kumtazama yeyote bila kumtazama mwingine pia.

Papa Ayoubu alikohoa. Hakuipenda kazi hiyo.

"Sisi ni chama ya kukumbuka, hatuko tribinali," alisema. "Lakini tumepiga reli, na kumbe familia haiko sauti moja. Mama Douce, tuambie. Papa Beya iko muzima ao amekufa?"

Tshiela alitazama picha. Hakuwa ameiona bado. Miezi yote Douce alipomwambia njoo uone, alisema ana kazi. Sasa Beya alikuwa mbele yake, kijana, anacheka, na wino wa binti yake umekaa juu ya nywele zake. Tangu Jumatatu kilio cha wale wanawake kilikuwa kinamzunguka kichwani. Kilikuwa kilio cha kwanza alichosikia kikitolewa kwa ajili ya mume wake, na alikuwa ametamani kulala chini kati yao, mavumbini, alie mpaka sauti ikauke. Hata sasa alitamani. Alitamani kiasi kwamba alishika kiti kwa mikono miwili.

"Beya iko muzima," alisema. "Iko Obokote na muke mwengine. Ni haya yangu, lakini njo kweli."

Nyuma mtu alicheka kidogo. Mwavita aliinuka bila kuulizwa akasema yeye ni jirani, kila jioni anaona sahani ya Papa Beya ikifunikwa, na hajaona duniani mwanamke anayempakulia maiti. Watu wakaguna kukubali.

"Mzee Masudi," Papa Ayoubu aliita.

Masudi alisimama kwa taabu. Alimtazama Tshiela, kisha Douce aliyekuwa ameketi kwenye meza ya katibu, kalamu imelala. Watu wakaanza kusogeza viti.

"Wakati ile tulikuwa na njaa," alisema. "Mutu mwenye njaa macho yake haioni muzuri. Nilizika mutu. Labda alikuwa mwengine."

"Labda, ao mwengine?" Tshimpaka aliuliza.

"Mwengine," Masudi alisema, na akaketi. Kijana mmoja pembeni alimnong'oneza mwenzake kwamba basi na yale mengine mzee aliyosimulia huenda ni hivyo hivyo. Masudi alisikia. Alianza kupangusa miwani yake kwa pindo la kanzu.

Ungedhani Tshimpaka angekasirika. Badala yake uso wake ulifunguka. Alifuta macho, akainuka, akaenda kusimama mbele ya picha.

"Basi futeni ile musalaba. Sasa hivi. Mutu muzima hawezi kubebeshwa musalaba, atakufa kweli. Mwenye aliandika, afute."

"Ni wino, papa mudogo," Douce alisema. "Naweza kuandika pembeni kwamba ilikuwa kosa."

"Ni yaya yangu, Douce. Ni baba yako. Unataka kumuua?"

Jambo alilosema kila mtu hapo alilijua tangu utotoni. Papa Ayoubu aliingia ndani akarudi na wembe mpya katika karatasi yake. Douce alibandua picha, akailaza mezani. Alimtazama mama yake mara moja tu. Tshiela aliitikia kwa kichwa: futa.

Alikwangua kwa ncha, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni kwa mtoto. Mkono wa kwanza wa msalaba ulitoka. Lakini picha ilikuwa ya zamani, unyevu wa miaka ulikuwa umeshaila kwa ndani, na ganda lake la juu lilianza kuinuka pamoja na wino. Nywele zikatoka. Douce akasita. Akajaribu upande mwingine, na paji la uso likaja na wembe, likajikunja kama ganda la kitunguu, likabeba jicho.

"Acha," Tshimpaka alisema. "Acha, Douce, acha."

Alikuwa amechelewa. Kati ya wachimbaji wawili waliosimama wima sasa palikuwa na mwanaume mwenye shati, mikono na mdomo ulio wazi, na juu ya mdomo karatasi nyeupe tupu. Haikuwepo picha nyingine. Tshimpaka aliitazama kwa muda, akaivuta karibu, akaisukuma. Kisha akamgeukia Tshiela, na sauti yake ilikuwa ya mdogo wa mtu kweli.

"Haizuru. Kesho kutwa kuna gari inaenda Lubutu. Nitafika Obokote mwenyewe, nimulete. Tumekuwa wazee, shemeki. Akuje tuongee nyumba na mambo yote, ndugu na ndugu."

"Ni mbali," Tshiela alisema.

"Ni ndugu yangu. Utamutumia nini?"

Watu wote walikuwa wanamsikiliza. Mke gani huacha msafiri aende kwa mume wake mikono mitupu?

"Nitamutengenezea chakula," alisema.

*

Jumanne asubuhi walipika mama na mtoto. Tshiela alikaanga samaki kwa mafuta ya ngazi, yale mekundu ya michikichi, akafunga sombe kwenye jani, akasonga bugali gumu la safari. Walifanya kazi bila kusema. Douce alifika kwenye kopo la pilipili akasimama nalo mkononi.

"Pilipili nimuwekee?"

"Muwekee. Nyingi."

Waliweka vyote ndani ya sahani ile ya bati, wakafunika na kuikaza kwa kitambaa. Tshimpaka alikuja kuichukua, mkoba begani, amenyoa ndevu. Alikuwa amekopa viatu. Aliuliza kama kuna neno la kumpelekea, na majirani walikuwapo uani kumuaga.

"Mwambie Douce amekuwa mukubwa," Tshiela alisema. "Mwambie hajakufa na njaa."

"Nitamwambia," Tshimpaka alisema. Alimpa mkono kwa heshima, kwa mikono miwili, akaondoka akiwa amekumbatia sahani kifuani ili mafuta yasimwagike.

Tshiela aliwashukuru majirani. Aliingia ndani, akapita kiti, akapita kitanda, akaketi chini sakafuni, miguu imenyooka, kama mjane anavyoketi. Alifungua kilemba chake. Douce alifunga mlango, akafunga na dirisha, kisha akawasha redio akaikuza mpaka mwisho. Wimbo wa harusi ulikuwa unapigwa. Chini ya wimbo huo mama yake alianza kumlilia Beya.

Baada ya muda Mwavita aligonga ukuta wa upande wa pili.

"Douce, mupunguze redio. Kuko nini kwenu?"

Douce alikuwa ameketi sakafuni, kichwa cha mama yake mapajani mwake. Aliinua uso kuelekea ukutani.

"Hakuna kitu, Mama Mwavita," alisema. "Tunafurahi tu. Baba atakuja."